Jeraha la Tumbo Lisiloonekana kwa Nje
*Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Wilaya za Tarime na Serengeti*



Kila anayeshika daftari la chama anajua kwamba kosa la hesabu halionekani siku linapoandikwa. Tarakimu hukaa mahali pake kwa utulivu, kurasa hufuatana, na kazi huendelea. Siku ya kufunga mahesabu ndipo shimo hufunuka, na mara nyingi wakati huo fedha zimekwisha potea. Mwili wa binadamu nao una kosa la namna hiyo. Ni jeraha la tumbo lililopigwa na kitu butu bila ya ngozi kuchanika. Mtu huanguka, huinuka, hujipangusa vumbi, husema "sijambo," na kurudi kazini. Baada ya saa kadhaa, au siku, au hata majuma, utumbo ulioumia siku ile hudai deni lake.

Mazungumzo haya yanahusu deni hilo: linavyoingia, linavyojificha, linavyojulikana mapema, na wajibu wa chama cha ushirika kabla halijalipwa kwa maisha ya mwanachama.

Kwa nini jambo hili ni la ushirika

Mkulima wa kahawa katika milima ya Tarime, na mkulima wa pamba au tumbaku katika Serengeti, hufanya kazi ambayo humweka karibu na mapigo ya tumbo kila siku. Maksai hupiga teke wakati wa kufungwa nira. Mpini wa plau hurudi kwa nguvu jembe linapokwama katika kisiki. Punda wa mkokoteni hushtuka. Gunia la kahawa safi, lenye kilo 60, huporomoka kutoka juu ya rundo ghalani na kumwangukia mpakiaji. Mtu huteleza juu ya mti au juu ya paa la ghala. Mtoto aliyetumwa dukani kwa baiskeli huanguka, na ncha ya usukani ikamchoma chini ya mbavu.

Juu ya hayo yote imekuja pikipiki. Leo bodaboda ndiyo miguu ya vijiji vingi, nayo hubeba mwanachama, mbolea na mauzo yake kwa pamoja. Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mara ikiwamo, walichapisha taarifa ya wagonjwa 396 walioumia tumbo, waliotibiwa hapo katika muda wa miaka miwili. Ajali za barabarani ndizo zilizoongoza katika sababu za majeraha hayo. Kwa hiyo jambo hili si la hadithi. Ni la barabara ile ile ambayo mazao ya wanachama hupita kwenda sokoni.

Utumbo unavyoumia ilhali ngozi ni nzima

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu upatao meta 6, nao umekunjwa mara nyingi ili uenee tumboni. Nyuma yake upo uti wa mgongo, ambao ni mgumu. Mbele yake hakuna mfupa. Kuna nyama na ngozi tu. Pigo linapotoka mbele, utumbo hubanwa baina ya pigo na uti wa mgongo, kama nguo iliyobanwa baina ya jiwe na jiwe. Hiyo ni njia ya kwanza ya kuumia.

Njia ya pili ni kupasuka. Sehemu ya utumbo iliyojaa hewa au chakula, ikibanwa ghafla pande zote mbili, hupasuka kama kibofu cha mpira kilichokanyagwa.

Njia ya tatu ni kuchanika kwa mvuto. Utumbo umeshikiliwa nyuma na utando mpana, na ndani ya utando huo hupita mishipa inayoupelekea damu. Pikipiki inapogonga na mwili kusimama ghafla, utumbo bado unakwenda mbele. Utando huvutwa, na mishipa yake huweza kukatika. Utumbo wenyewe hubaki mzima kwa kuutazama, lakini umekatiwa chakula chake. Hali yake ni ya mche wa kahawa ambao mzizi wake umekatwa chini ya udongo: majani hubaki ya kijani siku ya kwanza na ya pili.

Kwa nini madhara huchelewa

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo yafaa kila namna ielezwe peke yake.

Ya kwanza ni tundu dogo katika utumbo mwembamba. Maji ya sehemu hiyo, hasa upande wa juu, hayana vijidudu vingi kama uchafu wa utumbo mpana. Yanapoanza kuvuja, maumivu huweza kuwa ya wastani kwa saa nyingi. Kisha utando unaofunika viungo vya ndani ya tumbo huvimba na kuoza kwa vijidudu, na hali hubadilika kwa haraka. Mara nyingi hayo hutokea ndani ya siku moja hadi tatu.

Ya pili ni ule utumbo uliokatiwa damu. Huo haukutoboka siku ya ajali. Hufa polepole, na baada ya siku kadhaa hutoboka mahali palipokufa. Mgonjwa aliyekwisha anza kutembea huanguka tena, na watu hushangaa.

Ya tatu ni damu iliyovilia ndani ya ukuta wa sehemu ya kwanza ya utumbo, ile inayopokea chakula kutoka katika mfuko wake. Hii huwapata hasa watoto waliochomwa na usukani wa baiskeli. Damu hiyo huvimba na kuziba njia. Mtoto huanza kutapika baada ya siku moja mpaka tatu, wakati wazazi wamekwisha sahau kuanguka kwake. Akifikishwa hospitali mapema, mara nyingi hupona bila ya kupasuliwa, kwa kupumzishwa utumbo na kupewa maji ya mshipa.

Ya nne ni kovu. Utumbo uliojeruhiwa ukapona wenyewe huweza kufanya kovu linalobana njia. Baada ya majuma au miezi, mgonjwa huanza kuumwa na tumbo kila anapokula, hujaa, hutapika na hukonda. Huyu hutibiwa minyoo na vidonda vya tumbo, na hakuna anayemwuliza kama aliwahi kupigwa tumboni.

Ya tano humhusu aliyekwisha pasuliwa. Baada ya upasuaji wa tumbo, nyuzi za kovu huweza kuunganisha utumbo na utumbo na kuuziba, miezi au miaka baadaye. Aliye na mshono wa zamani tumboni, akitapika na kukosa choo pamoja na hewa, asisubiri kuche.

Tena ipo bandama, ambayo si utumbo lakini hukaa jirani nao chini ya mbavu za kushoto. Hiyo huweza kuvuja damu polepole ndani ya ganda lake na kupasuka baada ya siku kadhaa, hata majuma mawili. Maumivu ya bega la kushoto kwa mtu aliyepigwa tumbo, ambaye bega lenyewe halikuguswa, ni dalili yake mojawapo.

Mfano wa mpakiaji

Mfano ufuatao si wa mtu fulani. Umetungwa kuonyesha jinsi saa zinavyopotea.

Saa nne ya asubuhi, siku ya kupakia, gunia linamwangukia mpakiaji na kumbana tumboni kwenye ubao wa lori. Anakaa chini kidogo, wenzake wanamcheka, anacheka nao. Saa sita anakula ugali. Jioni tumbo linamkaza. Mke wake anamkanda kwa maji ya moto. Usiku anatapika mara mbili. Alfajiri ya siku ya pili anapewa dawa ya kuharisha ili "uchafu utoke." Mchana tumbo limekuwa gumu kama ubao, naye amelala bila kujigeuza kwa sababu kila mtikisiko unamwumiza. Jioni homa inapanda. Ndipo ndugu wanapoanza kutafuta fedha ya gari. Mwenye gari hataki kusafiri usiku, na mvua imeharibu njia. Anafika hospitali asubuhi ya siku ya tatu.

Tundu lile ambalo lingeshonwa siku ya kwanza kwa kazi isiyo kubwa sasa ni tumbo lililojaa usaha. Daktari ni yule yule, kisu ni kile kile. Kilichobadilika ni saa. Na katika saa zote hizo hakuna mtu mmoja aliyefanya ubaya. Wote walikuwa wakimsaidia.

Uvumilivu na mipaka yake

Katika wilaya hizi mbili uvumilivu wa maumivu ni heshima. Kijana hufundishwa mapema kutolia, na mtu mzima anayelalamika kwa jambo dogo hupoteza uzito wake mbele ya wenzake. Malezi hayo yana faida yake, na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini tumbo lililopigwa halijui heshima. Mwenye kuvumilia hupunguza kelele; hapunguzi usaha.

Kosa hili si la watu wa Mara peke yao. Mwaka 1926 mwanamazingaombwe mashuhuri wa Marekani, Harry Houdini, aliyejulikana duniani kote kwa kujifungua minyororo, alipigwa ngumi za tumbo na mwanafunzi mmoja huko Montreal, Kanada, tarehe 22 Oktoba. Alikuwa akijisifu kwamba tumbo lake huhimili mapigo. Aliumwa, lakini alisafiri hadi Detroit na kupanda jukwaani akiwa na homa kali, kwa kuwa hakutaka kuwavunja moyo waliolipa viingilio. Alipopasuliwa, kidole chake cha utumbo kilikuwa kimekwisha pasuka na tumbo lote limeoza kwa vijidudu. Akafa tarehe 31 Oktoba. Madaktari wanabishana mpaka leo kama ngumi zile ndizo zilizoanzisha ugonjwa, au ziliuficha tu ugonjwa uliokwisha anza. Katika neno moja hawabishani: siku alizozitumia kuvumilia ndizo alizozihitaji kutibiwa.

Lipo pia jeraha ambalo mwenye nalo hulificha si kwa ushujaa bali kwa hofu au aibu. Ni la mama aliyepigwa teke nyumbani, au la kijana aliyeumizwa katika ugomvi wa mifugo au mipaka ya shamba. Huyo atasema alianguka kisimani. Msaidizi mwema haanzi kwa kumhoji nani kampiga. Huanza kwa kumfikisha penye matibabu, na daktari aelezwe ukweli kwa faragha. Mama mjamzito aliyepigwa tumbo kwa namna yoyote aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haoni maumivu.

Dalili za kuangaliwa

Mtu yeyote aliyepata pigo la nguvu la tumbo apelekwe akachunguzwe siku ile ile. Asikae peke yake, na aangaliwe kwa karibu kwa siku tatu za kwanza, kisha aendelee kujiangalia kwa majuma yanayofuata. Dalili zifuatazo, hata ikitokea moja tu, zinamtaka arudi hospitali mara moja:

1. Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au yanayoongezeka akikohoa au akitikisika garini.
2. Tumbo kuwa gumu, au kuvimba na kujaa.
3. Kutapika, hasa matapishi ya kijani au yenye damu.
4. Kukosa choo na kutotoa hewa.
5. Homa au kutetemeka kwa baridi.
6. Mapigo ya moyo kwenda mbio. Kwa mtu mzima aliyetulia, zaidi ya mapigo 100 kwa dakika. Saa ya mkononi inatosha kuyahesabu.
7. Kizunguzungu, jasho la baridi, kiu kali au kupauka.
8. Damu katika choo au mkojo.
9. Alama ya michubuko tumboni yenye umbo la kitu kilichopiga, kama mkanda wa gari au ncha ya usukani.

Mambo ya kuepuka

Tumbo lisikandwe wala kusingwa, kwa maji ya moto au kwa mafuta. Mgonjwa asipewe dawa ya kuharisha, wala asipigwe bomba la dawa za miti. Akiwa na maumivu makali au anatapika, asipewe chakula wala kinywaji mpaka aonwe na mganga, kwa maana huenda atapasuliwa. Asinunuliwe vidonge vya maumivu dukani ili alale nyumbani. Asipirini na baadhi ya dawa za jamii yake huongeza hatari ya kuvuja damu. Dawa ya maumivu atapewa hospitali na wanaojua wanachokitafuta. Pombe ni marufuku kabisa, kwa kuwa huficha dalili zote.

Njiani alazwe chali na magoti yakunjwe kidogo. Akitapika ageuzwe ubavu. Kumpakata katikati juu ya pikipiki kwenye njia ya makorongo ni shauri la mwisho, pale tu gari halipatikani kabisa.

Huko hospitali

Msindikizaji awe mtu anayeweza kueleza mambo matatu: pigo lilitokea saa ngapi, lilitokana na nini, na mgonjwa amekula au kunywa nini tangu hapo. Maneno hayo yana thamani kubwa kuliko wingi wa ndugu wanaojaa mlangoni.

Wanachama wafahamu pia kwamba hakuna kipimo kisichokosea. Ultrasaundi huonyesha vizuri damu iliyomwagika, lakini huweza isionyeshe tundu dogo la utumbo. Eksirei huonyesha hewa iliyotoka ndani ya utumbo, lakini si kila mara. Ndiyo maana daktari mwangalifu humlaza mgonjwa na kumpima tumbo tena na tena kwa saa nyingi. Ndugu wasimtoroshe kwa kusema kwamba "picha haikuonyesha kitu." Picha ya asubuhi ni hesabu ya asubuhi, haifungi mwaka. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, aulize ni dalili zipi zimrudishe.

Hospitali za Tarime na Mugumu ndizo za kwanza kwa wengi wa wanachama. Kutoka hapo, rufaa ni Musoma, kisha Bugando. Kila hatua hula saa, kwa hiyo saa za mwanzo, zile za kijijini, ndizo pekee zilizo mikononi mwa wanaushirika wenyewe.

Jambo la fomu ya polisi namba 3 nalo lisichelewishe mgonjwa. Fomu hiyo ina kazi yake katika ajali na mashauri, na yafaa ipatikane. Basi mmoja aende kituoni kuifuata, na mwingine ampeleke mgonjwa hospitali wakati huo huo.

Wajibu wa chama

Desturi ya kuchangia msiba ni njema nayo imeota mizizi. Mwanachama akifa, fedha za sanda, chakula na usafiri hupatikana kabla ya jua kuchwa. Swali kwa kila chama ni hili: mwanachama yule yule, siku mbili kabla, alipokuwa akihitaji gari la kwenda Tarime mjini au Mugumu, fedha ilikuwa wapi? Gari la mgonjwa huwa moja. Magari ya mazishi huwa mengi.

Fedha za chama hazitolewi kwa huruma ya katibu peke yake. Hiyo ndiyo njia ya hoja za ukaguzi. Zipo njia halali. Mkutano mkuu uweke kifungu cha dharura ya usafiri wa wagonjwa katika makisio ya mapato na matumizi, utaje kiwango chake, nani aidhinishe usiku na kwa muda gani fedha irejeshwe. Katibu atunze masurufu madogo kwa kazi hiyo, na kila shilingi iandikiwe hati ya malipo na stakabadhi. Chama kipatane mapema na wenye magari wawili au watatu wa karibu, bei ijulikane kabla ya ajali na siyo wakati mgonjwa amelala barabarani.

Kwa walioajiriwa na chama, kama karani, mlinzi au mpakiaji wa kudumu, sheria inakwenda mbali zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia, na mwajiri wa Tanzania Bara anapaswa kuwa amejiandikisha na kuchangia. Ajali ya kazini itolewe taarifa, hata kama aliyeumia anasema hajambo. Kitabu cha ajali kiwepo ghalani: tarehe, saa, jinsi alivyopigwa, mashahidi. Mstari ulioandikwa siku ile ndio utakaomsaidia yule ambaye utumbo wake utaziba baada ya majuma sita, wakati hakuna tena anayekumbuka gunia. Utamsaidia kwa fidia, na utamsaidia kwa daktari.

Ndugu wanaushirika, dondoo hizi zisomwe katika mkutano unaofuata, kabla ya msimu wa kupakia kuanza. Orodha ya dalili ibandikwe ukutani, karibu na mizani, mahali ambapo kila mwanachama husimama na kutazama kwa makini. Hapo mizani haiamini maneno ya mwenye gunia, hupima. Mtu aliyepigwa tumbo naye asiaminiwe kwa neno lake "sijambo." Apimwe.